Siku Tisini za Kuonja Makorokoro

Mwenye masikio mawili anipe moja. Lingine abaki nalo asikilizie mlangoni, maana mwenye nyumba huja kudai kodi bila kupiga mbiu.

Mimi nimetembea nchi nyingi. Shule nimesoma vipandevipande: darasa la kwanza nililipata kusini, la pili halikuwepo, la tatu nikalikuta milimani nikakaa nalo miezi minne, na hesabu nikafundishwa na muuza nyanya. Kwa hiyo nikikosea jambo la kiserikali mnisamehe. Naeleza nilichokiona tu. Nchi yenyewe siitaji jina, na si kwa woga. Hubadilishwa jina kila Rais wake anapopata mafua, na leo sijui kaamkaje.

Katika nchi hiyo Rais alinunua nyumba. Akaingia, akavua viatu, akakaa barazani, na magharibi ilipoingia vyura wakaanza. Angeweza kuhama, kama mtu. Angeweza kuwahamisha vyura, kama Rais. Yeye akatunga sheria. Ikaitwa Sheria ya Kuonja Mtaa, nayo inasema kwamba raia haruhusiwi kununua nyumba katika mtaa wowote mpaka awe amepanga hapo na kulala hapo siku tisini kamili. Akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," akasema, "mchuzi huonjwa kwenye kiganja kabla ya kupakuliwa. Iweje nyumba? Sitakubali, maadamu niko hai, raia hata mmoja akutane na chura ambaye hakutambulishwa kwake."

Watu wakapiga makofi nusu saa. Na mimi nikapiga. Ukikuta watu wa nchi ya watu wanapiga makofi, piga kwanza, uliza baadaye.

Sasa niwaambie habari ya mke wangu, Bi Hidaya, na mlango wake. Bi Hidaya amenifuata miaka thelathini na moja, kila miguu yangu ilipowasha. Mwaka wa pili wa ndoa alimkuta seremala mmoja anauza mlango wa mninga, mzito, umepigwa randa ukawa laini kama shavu, akaununua. Nikamwambia, mke wangu, sisi nyumba hatuna. Akanijibu, "Nyumba utanitafutia wewe. Mlango nimeshanunua mimi. Tutakutana katikati." Tangu siku hiyo mlango tunahama nao. Umeegemea kuta za wenye nyumba kumi na moja. Kwenye mipaka ya nchi maofisa wa forodha humuuliza, "Mama, nyumba ya mlango huu iko wapi?" naye huwajibu, "Inakuja nyuma."

Tulipoingia nchi hiyo ya vyura, akaulaza mlango chini, akaukalia.

"Shaweji," akaniambia, "magoti yangu yamefika. Miguu yako iende inakotaka. Mimi na mlango tunaishia hapa."

Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo. Nikajua nina kazi.

*

Tukaenda Wizara ya Makao na Matumaini. Tukapokelewa na Mkaguzi Mkuu wa Kuonja na Kuridhika, Bwana Mbwiliza, mtu mwenye tumbo la heshima na viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi mpaka unaiona dari ndani yake. Alikaa ameinua miguu juu ya kigoda. Nikadhani anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Hivi ni viatu vya serikali. Kuvitia vumbi ni kulitia taifa vumbi. Tope ndiyo kabisa, miaka miwili jela. Haya, mnatafuta mtaa wa namna gani?"

"Wa bei nafuu, mheshimiwa."

"Nafuu ipi? Tuna Nafuu ya Juu, Nafuu ya Kati, na Nafuu Yenyewe."

"Zinatofautianaje?"

"Nafuu ya Juu ni ghali."

Akatueleza utaratibu kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu huku ana njaa. Mwananchi ana mionjo mitatu, yaani mitaa mitatu ya kujaribu. Kila siku tisini zikiisha, mkaguzi anakwenda na fomu, na fomu ina swali moja: Je, umeridhika?

"Ukijibu ndiyo," akasema, "unaruhusiwa kununua. Lakini mtaa unaoridhisha ni mtaa mzuri, na mtaa mzuri hauwezi kuuzwa kwa bei ya mtaa mbaya. Itakuwa wizi. Kwa hiyo siku hiyohiyo bei zote za mtaa huo, na kodi za wapangaji wote, zinapanda mara tatu. Ukijibu hapana, hununui. Serikali haiwezi kumuuzia raia wake huzuni."

Bi Hidaya akakohoa kidogo. "Sasa mtu wa kawaida ananunuaje nyumba, mwanangu?"

"Hilo ni swali la pili, mama. Fomu ina swali moja."

"Na mtu akisema hapana mara tatu?" nikauliza mimi.

Bwana Mbwiliza akashusha miguu, akaona sakafu, akairudisha juu haraka. "Huyo ni Mlalamishi Sugu. Anahukumiwa kukaa maisha yake yote, yeye na mwenzi wake, katika nyumba ya serikali iliyomo ndani ya mtaa ulio mbaya kuliko yote nchini. Haruhusiwi kutoka, haruhusiwi kuhama, haruhusiwi hata kufukuzwa."

"Mtaa gani huo?"

"Siri ya taifa. Jina lake liko ndani ya bahasha."

Nje ya wizara watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa na habari zote. Mmoja akasema huko hakuna mvua, kuna jasho. Mwingine akasema shemeji yake alipelekwa, akaandika barua moja tu, na barua yenyewe ilikuwa inanuka. Bi Hidaya akanishika mkono. "Shaweji, tafadhali," akasema.

*

Muonjo wa kwanza tukauchagua kwa picha. Mtaa wa Upeo Mpya, una miti, una bwawa la kuogelea, una watoto wanacheka. Tulipofika tukakuta uwanda mtupu na chokaa imechorwa chini. Mlinzi akatupokea vizuri, akatuonyesha mstari. "Hapa ndipo sebuleni kwenu. Karibuni. Tafadhali msipite ukutani." Tukapiga turubai, tukasimamisha mlango wetu katikati ya uwanda, na siku tisini tukaingia na kutoka kupitia huo. Mara mbili nilitozwa faini: mara moja kwa kutembea juu ya paa la jirani, mara moja kwa kukaa bwawani na nguo. Bwana Mbwiliza alipokuja nikasema hapana.

Wa pili tukauchagua kwa jina. Bustani ya Ukimya. Nyumba zilikuwepo, kuta zilikuwepo, kodi ilikuwa ya chini mpaka nikashuku. Kumbe pale ndipo madereva wa misafara ya wakubwa wanapofundishwa kupiga ving'ora. Darasa linaanza baada ya chai, linaisha kabla ya chakula cha jioni, na wanafunzi wale hawakuwa wepesi wa kuelewa. Kuku wa mtaa ule waliacha kutaga. Bi Hidaya na mimi tulizungumza kwa mikono mpaka tukaanza kugombana kwa mikono. Nikasema hapana, nadhani Bwana Mbwiliza alisoma midomo.

"Umebakiwa na mmoja," akaandika kwenye karatasi, akanionyesha.

Kwenye orodha ya Nafuu Yenyewe ulibaki mtaa mmoja tu ulioweza kulingana na mfuko wetu, ukurasa wa mwisho. Haukuwa na picha. Chini yake palikuwa na maelezo: *Mpiga picha alikataa kushuka garini.* Unaitwa Makorokoro.

*

Mdomoni mwa Makorokoro pana dimbwi. Jeusi, pana, lina povu. Pembeni ya dimbwi kuna jalala lenye kimo cha mnara wa msikiti mdogo, na juu ya jalala amefungwa beberu. Kibao cha mtaa kimelala ubavu. Vyura wa pale hawangojei magharibi, wanaanza asubuhi. Na chini ya kibao, kwenye kiti, amekaa mzee mmoja anakohoa kikohozi cha kukutoa roho.

Bi Hidaya akatazama, akanitazama, akautazama mlango wake. Hakulia. Ningependa angelia.

Tukavua viatu, tukavuka dimbwi. Tukapita nyuma ya jalala. Nikasimama.

Nyuma ya jalala palikuwa na barabara imefagiwa. Kuta zimepakwa chokaa. Maji yanatoka bombani, nikayafungua na kuyafunga mara tatu kama mtoto. Kuna duka, kuna kinyozi, kuna mwanamke anakaanga maandazi akatupa manne kabla hatujamwambia jina. Nikageuka nyuma: yule mzee wa kikohozi ameinuka kitini, anakuja kwa mwendo wa kijana.

"Karibuni," akasema, sauti safi kama ya muadhini. "Naitwa Ngwali. Nimemaliza zamu."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Mama Kidawa, mwanamke mfupi mwenye macho ya kupima watu. Alitukalisha, akatupa supu, akatupima, akaridhika.

"Mzee wangu," akaniambia, "miaka tisa iliyopita tulifanya kosa. Tulipanda maua pale mbele. Mkaguzi akaja, akaona maua, akaandika tumeridhika, kodi ikapanda mara tatu, nusu ya watu wakahama na masufuria kichwani. Tukang'oa maua, tukaunda Kamati ya Kuchakaza. Mkaguzi hawezi kuingia ndani kwa sababu ya nini?"

"Viatu," nikasema.

"Viatu. Anaishia dimbwini. Kwa hiyo dimbwi ndiyo mtaa. Tunalijaza kwa ndoo kila alfajiri. Vyura tunawaleta kwa baiskeli kutoka bondeni, maana sheria inasema kila chura ni alama kumi chini. Takataka zile tunazifua Jumamosi, tunazianika, tunazirudisha. Zingekuwa chafu kweli tungeugua."

"Na beberu?"

"Beberu hatumfui."

Kila mkazi ana zamu yake. Ngwali anakohoa. Kinyozi ana mbwa mwenye afya anayempaka majivu siku za ukaguzi. Mimi nikapewa zamu ya kulalamika barabarani ili watu wa nje wakipita wasikie, nikaishindwa. Mtu aliyewahi kulala chini ya gari bovu jangwani hawezi kulalamika kwa dhati mahali penye maandazi. Wakanihamishia ndoo.

Siku ya kumi na mbili nilirudi kutoka dimbwini nikamkuta Bi Hidaya ameulaza mlango juu ya mikeka, anaupaka mafuta ya nazi, taratibu, kwa kitambaa cha kanga. Huo mlango niliubeba miaka ishirini na tisa. Hakuwahi kuupaka mafuta katika nyumba ya mtu yeyote. Hakuinua uso. Na mimi nikapita kama sikuona, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

*

Siku ya themanini na tisa tukakaa tukazungumza.

"Kesho utasema nini?" akauliza.

"Nikisema ndiyo tunanunua. Bei mara tatu, tukiuza kitanda na cherehani tunaifikia. Tutalala chini, lakini chini ya kwetu."

"Na Ngwali?"

"Ngwali kodi yake itapanda mara tatu."

"Na huyu wa maandazi?"

"Naye pia."

"Na Mama Kidawa aliyekuuguza tumbo siku nne?"

"Nikisema hapana," nikamwambia, "wao wanabaki kama walivyo, na sisi tunakwenda kwenye bahasha. Maisha. Wewe na magoti yako. Na mlango sijui kama wataturuhusu."

Bi Hidaya akakunja kitambaa chake cha mafuta mara mbili, mara nne. "Miaka thelathini na moja umeamua wewe twende wapi," akasema, "na mimi nimelalamika njia nzima. Hii amua, sitalalamika."

Nawaambieni, ningependa zaidi angenipiga na mwiko.

Nikamwendea Mama Kidawa, nikitumaini atanipa njia ya tatu. Alikuwa anahesabu vyura. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akamtoa chura mmoja mgonjwa, akamweka pembeni.

"Sema utakachosema, mzee wangu," akaniambia. "Hatutakuchukia." Akaendelea kuhesabu. Nikaona ni mwanamke mgumu kuliko nilivyodhani.

*

Bwana Mbwiliza alifika saa nne asubuhi, amesimama juu ya meza iliyobebwa na makarani wanne. Meza ikatuliwa ukingoni mwa dimbwi. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga upande wa pili, umevaa vibaya. Ngwali alikohoa mpaka nikaogopa kweli. Mbwa alijilaza kwa majivu yake kama marehemu.

"Raia wa Makorokoro," Bwana Mbwiliza akaanza, "taifa linawatazama kwa jicho la upendo, kutoka mbali. Lengo letu ni kila mwananchi apate makao bora, na pale makao bora yatakapopatikana, lengo letu litakuwa kuyapandisha bei ili yabaki bora." Akasimama kidogo apigiwe makofi. Vyura wakajibu. Akawahesabu kwa kidole, karani akaandika. Kisha akafungua fomu.

"Shaweji. Muonjo wa tatu na wa mwisho. Je, umeridhika?"

Nikamtazama yule wa maandazi. Alikuwa amejipaka masizi ya chungu usoni, kwa bidii, masikio akayasahau, yanang'aa. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama kando ya mlango, kaushika kama unavyomshika mtu unayeachana naye stesheni.

"Hapana," nikasema.

"Toa sababu."

Mimi niliyeshindwa zamu ya kulalamika, siku hiyo mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema hapa watu hawakuachi upweke hata dakika. Nikasema ukiugua hulali, wanakuja mmojammoja na uji. Nikasema mke wangu ameharibika kabisa, anacheka ovyo, na nyumbani mafuta ya nazi hayakai. Nikasema nimezunguka dunia nzima na sijaona mahali panapomtesa mtu namna hii siku anapotakiwa kuondoka. Nikashindwa kuendelea.

Bi Hidaya akalia hapo. Hakulia kwa kwikwi. Machozi tu, yanashuka, hayafuti. Karani akanyoosha shingo, akaandika: *Huzuni: ya kutosha.*

"Mlalamishi Sugu," Bwana Mbwiliza akatamka, na akatoa bahasha yenye lakiri nyekundu. "Kwa mamlaka niliyopewa, nakuhukumu wewe na mkeo kukaa maisha yenu yote, bila kodi na bila matumaini, katika nyumba ya serikali ndani ya mtaa ulioshika nafasi ya mwisho kwa alama mwaka huu, ambao ni..." Akavunja lakiri. Akasoma. Akageuza karatasi akatazama nyuma. Akasoma tena. "Makorokoro."

Hata Ngwali alisahau kukohoa, Mama Kidawa akamkanyaga, akakumbuka.

"Nyumba namba saba," Bwana Mbwiliza akaendelea, akionekana kunihurumia kwa mara ya kwanza. "Nyuma ya hilo jalala. Mzee, pole sana. Sheria ni sheria."

Bi Hidaya sasa akalia kwa sauti. Karani akafuta alichoandika, akaandika: *Imezidi.* Makarani wakainua meza, na taifa likaondoka na viatu visafi.

Nikamgeukia Mama Kidawa. "Ulijua."

"Unadhani kamati ina kazi gani?" akasema. "Miaka tisa tunapigania nafasi ya mwisho. Mwaka jana mtaa wa machinjio ulitukaribia kwa vyura wanane tu, hatukula vizuri mwezi mzima. Mimi mwenyewe nilihukumiwa mwaka wa tano. Ngwali wa sita. Yule wa maandazi amehukumiwa mara mbili, hakuridhika na nyumba ya kwanza."

"Ungeniambia, mama. Jana nilikuja kwako na roho mkononi."

"Ningekuambia, mkeo angelia hivyo?"

Nikafikiri. "Asingelia."

"Na ungesema ndiyo ningekujua wewe ni nani. Hilo nalo nilitaka kulijua." Akanipa ndoo. "Dimbwi limepungua."

*

Hivyo ndivyo mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali mpaka embe zikaiva mara mbili, nimekatazwa na serikali kuondoka. Kwa sheria, miguu yangu ni mali ya Makorokoro. Inawasha bado, hasa Alhamisi, nami naipeleka mpaka dimbwini na kuirudisha. Nimesikia siku hizi maofisa wa wizara, wa ngazi ya chini, wanakataa mitaa yao makusudi, na foleni ya kuhukumiwa imeizunguka wizara. Mama Kidawa ameagiza vyura wengine, maana kwa wageni wa namna hiyo lazima tuzidi kuharibika.

Mlango tuliufunga Ijumaa. Kinyozi alileta bawaba, Ngwali akashika juu, mimi chini. Nilikuwa nimeshauweka vizuri, uso mzuri nje, kama milango yote, Bi Hidaya akasema, "Ugeuzeni."

Tukaugeuza. Upande wa nje, ule mbovu ulioegemea kuta za watu miaka yote, akaupaka tope la dimbwini kwa viganja vyake mwenyewe, akauchora na mikwaruzo miwili mitatu. Kisha akaingia ndani, akaufunga, na nikamsikia akivuta kigoda, akakaa, akiutazama.

Nikabisha hodi.

"Nani?" akauliza.

"Mfungwa mwenzako."

"Futa miguu," akasema.